Nyanya za kipupwe nyuma ya nyumba: namna ya kuvuna hadi Agosti kwenye baridi ya Iringa

Mwaka wa kwanza nilipojaribu nyanya nyumbani hapa Iringa, nilisia mbegu mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimekatika, udongo umetulia, nikaona huo ndio wakati wa kumwagilia kwa raha zangu. Miche ikaota vizuri, nikaihamisha, ilipofika Juni ikasimama kabisa. Majani yakageuka zambarau upande wa chini, maua yakawa yanatoka na kudondoka, na kufikia mwisho wa Agosti nilikuwa nimevuna nyanya saba. Mbili kati yake zilikuwa na ukubwa wa ndimu. Mama mmoja jirani, anayeuza mafungu ya nyanya gengeni, alizitazama kwenye sahani akacheka kidogo: "Mwanangu, kwenye baridi nyanya haizai. Inaivia tu."

Kila ninachokieleza hapa chini kinatokana na maneno hayo ya mama. Nyanya hufurahi mchana ukiwa na nyuzi joto 21 hadi 27. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua hudhoofika na maua hayashiki. Karibu na nyuzi 10 mmea unaacha kukua. Lakini tunda lililokwisha kushika tangu Mei halina shida kubwa na usiku wa nyuzi 10 au 11: litakwenda polepole, litachelewa, ila litafika. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili. Matunda yawe yameshashika kabla baridi haijakolea, na baada ya hapo mmea ubaki hai, mkavu na wenye joto kidogo la ziada mpaka matunda yaive.

Mwongozo huu unawahusu watu wa nyanda za juu: Iringa, Mbeya, Njombe, Lushoto, na wenzetu wa Limuru, Kenya, ambao Julai yao haina masihara. Ukiwa Dar au Tanga mjini, kwenu kipupwe ndiyo msimu mzuri wa nyanya, pandeni tu.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Baridi yetu inaanza kuuma Juni. Matunda mengi yanatakiwa yawe yameshika kufikia mwisho wa Mei, yaani maua ya kwanza yaonekane Aprili. Mche unakaa kitaluni wiki nne hadi sita, kisha unahitaji wiki nyingine nne au tano mpaka uanze kutoa maua. Ukihesabu kurudi nyuma unafika Februari mwanzoni. Mimi nasia mara mbili: wiki ya mwisho ya Januari, na tena katikati ya Februari. Mbegu niliyowahi kusia baada ya tarehe 10 Machi haijawahi kunilipa.

Kutoka ua kushika hadi tunda kuiva ni siku 45 hadi 60 kukiwa na joto la kawaida. Kwenye baridi, kwangu huwa inafika siku 70 na zaidi. Ndiyo maana ua la Mei unalila Julai mwishoni au Agosti, na ndivyo tunavyotaka.

Hatua ya 2: Tafuta ukuta wa kaskazini

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea miaka miwili. Sisi tuko kusini ya ikweta. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopigwa na jua siku nzima, na ule unaotazama kusini unakaa kivulini majuma kwa majuma. Januari, wakati unasia mbegu, jua liko upande mwingine, kwa hiyo utadanganyika. Sehemu inayong'aa Januari inaweza kuwa kivuli kitupu Juni. Kama huna hakika, ukiwa nje saa sita mchana mwezi wa sita tazama kivuli cha nyumba kinaangukia wapi, ukumbuke kwa ajili ya mwaka ujao.

Ukuta wa matofali ya kuchoma ni jiko la bure. Nenda uuguse saa mbili usiku mwezi wa saba, baada ya siku ya jua: utakuta bado una uvuguvugu, wakati bomba la maji lililo hatua tano kutoka hapo limekuwa kama barafu. Panda nyanya nusu mita kutoka kwenye huo ukuta. Ila angalia maji ya bati. Ukipanda pale yanapodondokea, kila mvua ya Machi itachimba udongo na kuurusha kwenye majani, na udongo kwenye majani ni ugonjwa unaosubiri kuanza.

Upepo wa Iringa nao una mkono wake. Kama kona yako inapigwa na upepo, weka kizuizi cha mabua au nyavu upande unakotoka, si ukuta mzima.

Hatua ya 3: Mbegu

Chagua kwa tabia ya mmea. Aina fupi kama Cal J na Roma VF zinazaa karibu kwa mkupuo mmoja. Kwa kipupwe hiyo ni faida, maana matunda yote yanashika Mei kisha mmea unabaki na kazi ya kuivisha. Aina ndefu kama Moneymaker zinaendelea kupanda na kutoa vichala, zinadai kamba na kupogolewa, lakini ukizisimamia zinakupa nyanya kwa muda mrefu. Tanya ina ganda gumu na inakaa muda mrefu baada ya kuchumwa, jambo utakalolishukuru ukifika hatua ya mwisho. Nyanya ndogo zile za ukubwa wa zabibu, zinazoitwa cheri, ndizo zinazoshika matunda kwenye baridi kuliko zote. Angalau mche mmoja usikose, hasa kama una watoto.

Kwangu mchanganyiko ni miche minne ya Cal J, mitatu ya Moneymaker, mmoja wa cheri. Nyumba ya watu watano hailali bila nyanya.

Hatua ya 4: Kitalu na kuhamisha

Januari na Februari bado kuna joto, kwa hiyo kusia si kazi. Trei, au boksi la mayai, au vikombe vya mtindi vilivyotobolewa chini. Kina cha sentimita moja. Zitaota ndani ya siku sita hadi kumi. Zilinde na mvua ya moja kwa moja, la sivyo miche inaoza shingo na kulala chini.

Hamisha mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli (usihesabu yale mawili yanayotoka kwanza kwenye mbegu), jioni, siku yenye mawingu ikiwezekana. Ufukie mpaka karibu na majani ya kwanza, maana shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi. Nafasi iwe sentimita 60. Usibane ili ipatikane miche mingi, kwa sababu msongamano kwenye baridi ni unyevu, na unyevu ni bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoua majani.

Kama huna ardhi, tumia ndoo za lita 20 zilizotobolewa, au viroba. Ndoo nyeusi ni bora kuliko nyeupe kwa sababu hunywa jua. Changanya udongo sehemu mbili na mboji au samadi iliyooza vizuri sehemu moja, kisha inyanyue ndoo juu ya tofali, isikae kwenye sakafu ya saruji inayolala na baridi.

Hatua ya 5: Jenga paa kabla hujajenga blanketi

Ukisikia "nyanya za baridi" unawaza kuzifunika usiku. Hiyo itakuja. Lakini adui wa kwanza hafiki Julai, anafika Machi na Aprili, wakati bado mvua inanyesha na hewa imeanza kupoa. Bakajani chelewa, ile ambayo wengi wanaiita ukungu tu, hupenda majani yaliyolowa na hewa ya nyuzi 10 hadi 20. Siku tatu za manyunyu mfululizo zinatosha kumaliza mstari mzima. Jani likikaa kavu, ugonjwa hauna pa kuanzia.

Kwa hiyo paa. Chimbia mianzi minne au sita: ya upande wa ukuta mita 2 kutoka ardhini, ya mbele mita 1.7, ili maji yateremke mbele. Funga fito juu, kisha tandaza nailoni inayopitisha mwanga. Nailoni ya kawaida inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi inafaa, ila jua huichana ndani ya mwaka. Ile ya kitalu nyumba ni ghali zaidi lakini inadumu miaka kadhaa. Izidishe sentimita 30 nje ya miche kila upande. Pembeni acha wazi kabisa. Hadi Juni hili ni paa, si chumba.

Pale nailoni inapokutana na mwanzi uliochongoka, vika kipande cha ndala ya zamani. Nimeshabadilisha nailoni mbili kwa sababu ya ncha moja ya mwanzi.

Chini tandaza nyasi kavu ili udongo usiruke kwenye majani. Ikifika Juni na mvua zikiwa zimekwisha, ondoa nyasi kidogo upande wa kaskazini jua liguse udongo. Nyasi nene huweka udongo baridi.

Hatua ya 6: Kamba, mikasi, na siku ya kukata kichwa

Aina ndefu uziongoze kwa kamba moja kutoka juu ya fito, shina moja tu. Kila kwapa la jani hutoa kichipukizi. King'oe kwa vidole kikiwa na urefu wa kidole, asubuhi, kidonda kikauke mchana. Anayevuta sigara au kunusa ugoro anawe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa tumbaku na nyanya ni ndugu na hupeana virusi. Aina fupi ziache na matawi yake, ondoa yale ya chini tu yanayolala ardhini.

Wiki ya kwanza ya Juni kata kichwa cha kila mmea mrefu. Acha majani mawili juu ya kichala cha mwisho chenye matunda. Roho itakuuma, kwa sababu juu pale kutakuwa na maua mazuri ya manjano. Kata. Maua hayo hayatazaa, na kila kinachokwenda kwao kinanyimwa matunda yaliyo chini. Tangu nilipoanza kufanya hivi, mavuno ya Agosti yamebadilika kuliko kwa mbolea yoyote.

Hatua ya 7: Saidia maua ya Mei

Chini ya paa upepo hupungua, na asubuhi za baridi nyuki nao hawana haraka. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, linahitaji kutikiswa tu. Kati ya saa nne na saa sita, majani yakiwa makavu, gonga taratibu kikonyo cha kila kichala kwa kidole. Weka ukucha wa kidole kingine chini ya ua: ukiona vumbi la manjano, kazi imefanyika. Usipoliona, rudi baadaye kidogo, chavua bado ina unyevu.

Kikonyo cha ua kina kifundo kidogo katikati, kama goti. Ukikuta kifundo hicho kimekuwa cha manjano na ukigusa ua linabaki mkononi, halikushika. Yakidondoka machache ni kawaida. Yakidondoka yote na usiku umeanza kuwa mkali, kubali kwamba dirisha limefungwa, uhamishie nguvu kwenye matunda yaliyopo.

Hatua ya 8: Usiku

Kuanzia katikati ya Juni, paa linakuwa chumba cha kulala. Funga nailoni pembeni kama mapazia. Teremsha saa kumi na moja jioni, wakati ukuta bado una joto, si saa mbili usiku ambapo utakuwa unaifungia baridi ndani. Pandisha saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi jua likishagonga. Nailoni isiguse majani, pale inapogusa jani hulowa na kuungua kwa baridi.

Ndani, kati ya mche na mche, panga madumu ya maji ya lita 5 yaliyopakwa rangi nyeusi. Mchana yananyonya jua, usiku yanatoa joto polepole. Usiku mkali kupita kiasi, tupia shuka kuukuu au blanketi juu ya nailoni. Kipima joto changu kidogo kimenionyesha nyuzi 3 hadi 4 za tofauti kati ya ndani na nje alfajiri. Zinasikika chache, lakini ndizo zinazotenganisha mmea unaoishi na mmea unaofanya kazi.

Watu wa Njombe na Makete wana jambo lingine: sakitu, yaani umande unaoganda. Usiku usio na mawingu, upepo umetulia kabisa, nyota zimejaa, jua kwamba alfajiri majani yanaweza kuwa meupe. Siku hiyo funika mara mbili, na kichala chochote kilichoanza kubadilika rangi kichume jioni ileile.

Sasa nionye kwa mkasa. Mwaka juzi, Jumapili moja ya Julai, tulitoka asubuhi kwenda kanisani, kutoka hapo tukapitia send-off ya binti wa rafiki, tukarudi saa moja usiku. Nilikuwa nimesahau kupandisha mapazia. Ndani nailoni ilikuwa inadondosha matone kama sufuria ya wali iliyofunuliwa, na majani yote yamelowa. Nikakausha kwa kitambaa, nikajidanganya kwamba imepita. Siku ya nne nikaona madoa ya kijani iliyokolea yanayoonekana kama yamemwagiwa maji, na chini ya jani utando mweupe. Nilipoteza miche mitatu kati ya minane. Tangu hapo nina amri moja nyumbani: mtu wa mwisho kutoka anapandisha mapazia, awe mgeni, awe nani.

Hatua ya 9: Maji na chakula

Mwagilia asubuhi, kama saa tatu au nne, kwenye udongo peke yake. Maji yaliyolala nje usiku yanashtua mizizi, kwa hiyo weka dumu juani kwanza au ongeza kikombe cha maji ya moto. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Lakini usiache ukauke kabisa kisha ufurikishe: ndiko kunakoleta kitako cheusi, yaani tunda kuoza upande wa chini.

Majani yakiwa zambarau chini, usikimbilie mbolea. Mara nyingi fosforasi ipo, ila mizizi ikiwa baridi inashindwa kuivuta. Pasha udongo. Mimi naweka kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK kwa mche, sentimita 10 kutoka shinani, mara ya kwanza unapotoa maua na mara ya pili matunda yakiwa kama gololi. Yurea nimeacha. Inaleta majani mengi laini yasiyo na faida.

Wadudu na magonjwa, kwa ufupi

Ukiona dalili za bakajani, kata jani lote, litie kwenye mfuko, choma au fukia mbali. Usiliweke kwenye mboji. Dawa za shaba au mankozebu hukinga, haziponyi, na ukizitumia heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye kopo. Usipande karibu na viazi mviringo, maana ugonjwa ni uleule. Kanitangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hupungua kasi kwenye baridi. Ukiona jani lina michirizi ya uwazi na kinyesi cheusi ndani, lichume. Utitiri hupenda ukavu chini ya paa: jani linakuwa na vumbi la shaba na utando mwembamba kama wa buibui. Lioshe kwa maji saa nne ya siku ya jua, likauke mapema.

Hatua ya 10: Kuchuma na kuivishia ndani

Usisubiri nyanya iwe nyekundu ti kwenye mti. Rangi nyekundu haijengeki vizuri chini ya nyuzi 10, kwa hiyo itakaa na uchungwa wake wiki mbili huku ndege na ukungu wakiisubiri pamoja nawe. Ikianza kupiga rangi kitakoni, chuma na kikonyo chake. Ladha haitapungua kiasi cha kulalamika.

Kwa za kijani: chuma moja kubwa, inayong'aa, uikate katikati kwa kisu kikali. Mbegu zikiteleza na kukwepa kisu ndani ya ute, wenzake wa ukubwa huo wamepevuka na wataiva ndani. Mbegu zikikatika, bado. Hiyo iliyokatwa itie kwenye maharage yanayochemka, uchachu wake ni mzuri.

Zipange kwenye boksi, safu moja, zisigusane, pamoja na ndizi mbivu moja. Weka jikoni sehemu yenye uvuguvugu, pasipo jua. Kagua kila siku, moja ikioza inaambukiza jirani. Friji usiiguse: baridi yake inaua ladha, na nyanya ambayo haijaiva haitaiva tena vizuri. Kwangu boksi la mwisho huingia ndani kati ya tarehe 10 na 20 Agosti, na nyanya yake ya mwisho huwa naila Septemba wakati miche mipya niliyosia jikoni mwisho wa Julai inatafuta mahali pa kwenda.

Isiende palepale. Ng'oa mimea ya zamani na mizizi yake, panda hapo maharage au vitunguu. Pilipili hoho, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, usivirudishe kwenye udongo huo kwa misimu miwili. Waliopanda kwenye ndoo wana kazi ndogo: mwaga udongo kwenye shimo la migomba, ndoo uioshe kwa maji ya sabuni, uigeuze kifudifudi juani.